Alamu ya moshi na sumu ya mkaa: yajue haya kabla ya kuitundika

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwafikie wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu kile kidude cheupe cha duara ambacho kimeanza kuonekana kwenye dari za nyumba mpya, nyumba za wageni na hata vyumba vya kupanga. Ni alamu ya kazi mbili: inashtuka kwa moshi, na inapima kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mkaa, kuni, petroli na gesi inayowaka vibaya. Sisi ni mafundi umeme wa majumbani na kazi ya kuzifunga ndiyo kazi yetu. Tunafurahi kuona watu wanazinunua. Kinachotusumbua ni kwamba nyingi zinatundikwa mahali ambapo haziwezi kufanya kazi sawasawa, na wenye nyumba wanazitegemea kwa mambo ambayo hazikutengenezwa kuyafanya.

Tuanze na kilichomo ndani, maana anayekijua hicho hatapata shida kuelewa mengine.

Ndani ya ganda moja mna vyombo viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni cha moshi. Ni kijumba cheusi cha plastiki chenye upana wa sentimita chache, kimezungushiwa wavu mwembamba wa kuzuia wadudu. Humo kuna taa ndogo ya LED inayomulika kwa mwako mfupi kila baada ya sekunde kadhaa, na kijicho cha kupokea mwanga kilichowekwa kwa pembe ili kisiione taa ile moja kwa moja. Kuta za kijumba ni nyeusi na zimekunjwakunjwa ili zimeze mwanga. Hewa ikiwa safi, kijicho hakioni kitu. Moshi ukiingia, chembe zake zinautawanya mwanga, kiasi kidogo kinafika kwenye kijicho, na alamu inalia. Kwa hiyo chombo hiki hakijui kutofautisha moshi na kitu kingine. Kinashtukia chochote kinachotawanya mwanga, uwe mvuke wa maji ya kuoga, vumbi la saruji, buibui aliyejipenyeza au unga wa salfa ya mikorosho. Malalamiko mengi ya "inalia ovyo" yanaanzia hapo.

Zipo pia alamu zenye punje ndogo sana ya amerisiamu-241, madini ya mionzi yanayoifanya hewa iliyo katikati ya vibamba viwili ipitishe umeme. Moshi ukiingia, mkondo unapungua na alamu inalia. Hizi zinawahi zaidi kwa moto wa miali mikali wenye moshi mwembamba, kama wa karatasi au makuti makavu. Zile za mwanga zinawahi kwa moto unaofukuta polepole, kama godoro la sponji lililoangukiwa na dawa ya mbu ya kuchoma. Kwa nyumba zetu, zenye magodoro na makochi ya sponji kila chumba, tunashauri za mwanga. Aliye nayo ya mionzi asiogope, haimdhuru ikiwa nzima, lakini asiivunje, asiichome moto pamoja na takataka na asiwape watoto waifungue.

Chombo cha pili ni seli ya kemikali, kikopo kidogo kilicholehemewa kwenye bodi. Ndani yake mna elektrodi zenye platinamu na kimiminika cha asidi. Kaboni monoksaidi ikipenya inageuzwa kuwa kaboni dayoksaidi juu ya elektrodi, na badiliko hilo linazalisha mkondo wa umeme mdogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za bilioni za ampia, unaopanda kadiri gesi inavyoongezeka. Kompyuta ndogo iliyomo ndani inausoma mkondo huo, na kama alamu ina kioo, inaandika kiasi cha gesi kwa sehemu kwa milioni, yaani sehemu ngapi za gesi zimo katika kila sehemu milioni moja za hewa. Alamu nyingi haziandiki namba yoyote chini ya 30, kwa hiyo sifuri kwenye kioo haina maana kwamba hewa ni safi kabisa.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Chombo cha moshi kinashtuka papo hapo, lakini cha kaboni monoksaidi kinahesabu kiasi cha gesi pamoja na muda, kwa sababu sumu hii nayo inajikusanya katika damu kidogo kidogo. Kiwango cha Ulaya, EN 50291, kinataka alamu ilie kati ya dakika 60 na 90 hewa ikiwa na sehemu 50 kwa milioni, kati ya dakika 10 na 40 zikiwa 100, na kabla ya dakika 3 kwisha zikifika 300. Cha Marekani, UL 2034, kinataka ilie kati ya dakika 60 na 240 kwa sehemu 70, dakika 10 na 50 kwa 150, na dakika 4 na 15 kwa 400. Basi mtu anayeishika alamu juu ya jiko la mkaa kwa nusu dakika, akaona kimya, akasema ameuziwa mbovu, amehukumu kabla ya wakati. Tena joto na masizi ya jiko vinaiharibu kweli.

Kwa nini tunasisitiza hii ya kaboni monoksaidi kuliko moshi? Kwa sababu mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana. Makaa yanapokuwa mekundu, nyumba haina harufu ya kuungua, macho hayawashi, na chombo cha moshi hakina cha kusema, wakati huo huo kaboni monoksaidi inatoka kwa wingi. Tufanye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina ujazo wa mita za ujazo 24 na kidogo. Mkaa wa gramu 100, vipande vichache vya kuenea kiganjani, unaweza kutoa takribani gramu 20 za kaboni monoksaidi. Hizo ni kama lita 17 na nusu za gesi. Zikisambaa katika chumba hicho kikiwa kimefungwa, unapata zaidi ya sehemu 700 kwa milioni. Kwenye sehemu 800, mtu mzima mwenye afya anapata kizunguzungu na kichefuchefu ndani ya dakika 45, na ndani ya saa mbili hadi tatu anaweza kufa. Kwenye 1,600, saa moja inatosha. Na hakuna anayewasha gramu 100 tu. Jiko la kupikia maharage linabeba mara kadhaa ya hizo.

Ni kweli nyumba nyingi huku zina upenyo: madirisha ya nyavu, nafasi chini ya bati, milango isiyobana. Upenyo huo umewaokoa wengi bila wao kujua. Lakini mvua za Desemba hadi Aprili zinapoanza, jiko linahamishwa kutoka uani na kuwekwa ndani, na madirisha yanafungwa. Kule Newala na uwanda wote wa Makonde, baridi ya Juni na Julai inafanya jiko liachwe chumbani usiku lipashe joto. Na nyumba mpya zenye madirisha ya alumini na dari la jipsamu hazivuji hewa kama za zamani. Anayehamia nyumba ya namna hiyo akiwa na mazoea ya nyumba ya zamani yumo hatarini zaidi kuliko alivyokuwa.

Dalili zake ndizo zinazotutia hofu kubwa. Kichwa kinauma, mwili unalegea, kichefuchefu, kizunguzungu, moyo unaenda mbio. Katika mikoa yetu mtu wa namna hiyo anasema ana malaria, anameza vidonge, anarudi kulala chumba kile kile. Tofauti zipo za kuangalia: kwa kawaida sumu hii haileti homa, inawapata watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, na hata paka au kuku waliolala ndani, na mtu anapata nafuu akitoka nje, kisha anazidiwa tena akirudi. Kaboni monoksaidi inashikamana na himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ukivuta hewa ya kawaida, damu inachukua saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya sumu iliyoingia. Ukimfikisha mgonjwa hospitali, iwe Ligula au Sokoine au kituo cha afya cha kijijini, mwambie tabibu waziwazi: tulikuwa na jiko la mkaa ndani, au jenereta lilikuwa linanguruma mlangoni. Kile kipimo cha kubana kidoleni kinadanganyika, kinaihesabu damu yenye kaboni monoksaidi kama damu yenye oksijeni, na kinaweza kusoma 98 kwa mtu ambaye yuko taabani. Tiba yake ni oksijeni, na inatakiwa mapema.

Kuhusu jenereta tutasema kwa ufupi. Liwe umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, bomba la moshi lielekee upande usio na mlango wala dirisha. Barazani ni ndani. Stoo iliyo wazi upande mmoja ni ndani. Na pikipiki inayolazwa koridoni isiwashwe humo asubuhi ili injini ipate joto. Isukumwe hadi nje kwanza.

Sasa jambo ambalo tungependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa fedha. Alamu hii haitambui gesi ya kupikia inayovuja. Mtungi wa kilo 6 au 15 ukivuja usiku kucha, kidude kile cheupe kitakaa kimya, kwa sababu gesi ya mtungi isiyowaka si moshi na si kaboni monoksaidi. Anayetaka kinga hiyo anahitaji chombo kingine, na pa kukiweka ni pengine. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo kitambuzi chake kinafungwa chini, sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Gesi asilia, ile ya Mnazi Bay na Songo Songo ambayo kwa baadhi ya nyumba inafika kwa bomba, ni nyepesi, inapanda. Kitambuzi chake kinafungwa juu, kama sentimita 30 chini ya dari. Aliyehama kutoka mtungi kwenda bomba akakiacha kitambuzi pale chini kilipokuwa, hana kinga. Alamu yetu ya pamoja itakusaidia kwa gesi pale tu inapowaka vibaya: mwali ukigeuka wa njano na sufuria zikaanza kushika masizi, ujue hewa haitoshi au matundu ya jiko yameziba, na kaboni monoksaidi inatoka. Mwali mzuri ni wa bluu.

Tuje kwenye mahali pa kuitundika. Karatasi za maelezo zinazokuja na alamu hizi zimeandikwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani, zenye dari tambarare na kuta zilizofika juu. Kwa nyumba ya aina hiyo kanuni ni rahisi: katikati ya dari, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa, au ukutani, sentimita 15 hadi 30 chini ya dari. Iwe mita 3 au zaidi kutoka jikoni na mlango wa bafu. Usiifunge kwenye kona pale ukuta na dari vinapokutana, maana hewa ya hapo haizunguki.

Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa na inachanganyika nayo chumba kizima. Zile za kaboni monoksaidi peke yake unaweza kuzifunga ukutani usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, lakini hii ya pamoja lazima ifuate sheria ya moshi, ikae juu. Wanaoiweka kwenye meza ya kitandani au kuichomeka chini karibu na soketi wanaiua ile kazi ya moshi.

Nyumba isiyo na dari, yenye bati tupu, ina mambo yake. Alamu nyingi zimepimwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 38 au 40, nyingine 45. Mchana wa Novemba chini ya bati joto linapita hapo, na betri na seli vinazeeka kabla ya wakati. Kuna tatizo la pili: hewa ya moto iliyokaa chini ya bati inauzuia moshi dhaifu usipande, moshi unaelea chini yake na alamu iliyo juu kabisa haiupati mapema. Kwa hiyo kwenye bati tupu tunaifunga kwenye ukuta wa ndani, au kwenye mbao ya kenchi, kama sentimita 30 chini ya bati, kamwe si kwenye bati lenyewe. Pale ambapo kuta za vyumba hazikufika juu, moshi na gesi ya chumba kimoja vinamwagikia vyumba vyote. Mpangaji wa chumba cha tatu anaweza kuamshwa na jiko la chumba cha kwanza, na hiyo si hitilafu.

Pangaboi. Ukiifunga alamu karibu na pangaboi, upepo unausukuma moshi kando na pia unaingiza vumbi kwenye kijumba. Acha mita moja kutoka ncha ya panga. Vivyo hivyo kwa kiyoyozi na kwa dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Chumvi ya bahari tusiidharau: Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi Mjini, vibati vya betri vinashika kutu ya kijani. Fungua kila miezi mitatu, angalia, futa kwa kitambaa kikavu.

Kama fedha inatosha alamu moja tu, iweke koridoni karibu na milango ya vyumba vya kulala. Lakini mjue mipaka yake. Sauti ya alamu ni desibeli 85 ukiwa mita 3. Kila umbali unapoongezeka mara mbili inapungua kama desibeli 6, na mlango uliofungwa unakula 15 au zaidi. Mtu aliyelala anahitaji kama 75 zimfikie pale kwenye mto wa kulalia ndipo aamke kwa uhakika. Piga hesabu ya chumba cha mwisho wa korido, mlango umefungwa, pangaboi linazunguka, mvua inapiga bati: sauti hiyo haifiki. Watoto ndio wagumu zaidi kuamka. Kwa hiyo ya pili ifungwe chumba wanacholala watoto. Zipo zinazounganishwa kwa waya au kwa mawimbi ya redio, ikilia moja zinalia zote. Kwa nyumba ya wageni tunaona hizo ndizo zinazofaa.

Kuifunga hakuhitaji fundi kama inatumia betri. Bamba la nyuma linawekwa alama, unatoboa kwa biti ya milimita 5 au 6 kulingana na plagi za skrubu ulizopewa, unafuta vumbi lote, ndipo unaitoa alamu kwenye mfuko wake. Wanaotoboa dari huku alamu ikiwa wazi wanaijaza vumbi la jipsamu siku ya kwanza. Vuta kile kikaratasi kinachozuia betri, igeuze kuelekea kulia hadi ikamate, kisha bonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa. Zile za umeme wa volti 230 mwachie fundi, na mwambie aunge kwenye laini ya taa, si kwenye swichi yake peke yake. Laini ya taa ikikatika utajua usiku ule ule. Swichi ya alamu ikizimwa na mtu hakuna atakayegundua. Na lazima iwe na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika ndipo jenereta na mishumaa inapowashwa.

Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila wiki ikiwezekana, kila mwezi kwa lazima. Kinapima betri, spika na bodi. Hakipimi kama seli bado inaitambua kaboni monoksaidi, na ndiyo maana tarehe ya mwisho ni ya kuheshimiwa. Chombo cha moshi kinadumu kama miaka 10. Seli inadumu miaka 5 hadi 10 kutegemea aina, na inaendelea kuzeeka hata alamu ikiwa dukani ndani ya boksi. Kwa ile ya pamoja, umri unaohesabika ni wa kile kinachokufa kwanza. Ukisikia mlio mmoja mfupi kila baada ya sekunde 30 au 60, ni betri. Ukibadilisha betri na mlio ukaendelea, alamu yenyewe imefika mwisho. Usiitoe betri ili ulale. Betri za kuchaji usitumie, kwani voltiji yake haiendani na jinsi alamu inavyopima betri iliyokwisha.

Safisha kila miezi sita kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, kwa nje tu, kwenye matundu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usipake maji ya sabuni wala dawa ya mbu ya kupuliza. Nyumba ikipakwa rangi, ivue kwanza, irudishe rangi ikishakauka na harufu ikiisha.

Tumetaja kulia ovyo. Udi na ubani ukifukizwa chini yake italia, na ina haki ya kulia. Sogeza chetezo chumba kingine au bonyeza kitufe cha kunyamazisha, ambacho kwa alamu nyingi kinaupunguza wepesi wa kushtuka kwa dakika kama 10 kisha inarudi yenyewe. Moshi wa maganda ya korosho ni mbaya zaidi, una mafuta, unaganda kwenye kijumba na haufutiki. Wanaobangua na kukaanga uani waifunge mbali na mlango wa nyuma. Magunia ya salfa yasikae chumba kimoja na alamu, na kwa kweli yasikae chumba wanacholala watu, kwani salfa nayo inashika moto.

Upande wa kaboni monoksaidi kuna sababu moja ambayo haijulikani sana: betri ya sola. Betri za maji ya asidi zikichajiwa zinatoa haidrojeni, na seli inaisoma haidrojeni kama kaboni monoksaidi. Nyumba ina paneli juu, betri iko nyuma ya kochi, kila jua likiwa kali saa sita mchana alamu inalia, na hakuna jiko wala jenereta. Mwenye nyumba anaichomoa alamu. Alichotakiwa kukichomoa ni betri, akaiweke mahali penye hewa, kwa sababu haidrojeni hiyo inaweza kulipuka kwa cheche moja.

Wafundisheni watu wa nyumbani milio, na watoto kwanza. Kwa alamu za viwango vya Marekani, moshi ni milio mitatu mirefu kidogo, kimya, tena mitatu. Kaboni monoksaidi ni milio minne ya haraka, kimya cha sekunde kama tano, tena minne. Za Ulaya zinaweza kutofautiana, soma karatasi yake. Nyingine zinatamka maneno kwa Kiingereza. Bibi aliyelala na wajukuu hawezi kutarajiwa kuyaelewa saa nane za usiku. Bonyeza kitufe mbele yao wote wasikie, na andika kwa Kiswahili kwenye karatasi, bandika nyuma ya mlango: mitatu ni moto, minne ni sumu.

Ikilia ya moto, tokeni mkiinama, funga mlango nyuma yako ili moto usipate hewa, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ukiwa nje, na asirudi mtu kufuata simu wala cheti. Ikilia ya sumu, fungua milango na madirisha unayopita, zima jenereta au gesi kama ipo njiani, toeni kila mtu nje, mhesabiane. Mkishafungua madirisha alamu itanyamaza baada ya dakika chache. Kunyamaza huko kunatokana na hewa mliyoiingiza, chanzo bado kipo. Msirudi kulala hadi kijulikane. Na jiko la makaa mekundu usilimwagie maji ndani ya chumba, litoe nje kama unaweza kufanya hivyo bila kukaa humo. Ukiona miguu inalegea, liache.

Mwisho, wanaouza. Alamu ya kweli ina maandishi nyuma: tarehe ya kutengenezwa au ya kubadilishwa, na viwango vyote viwili, EN 14604 kwa moshi pamoja na EN 50291 kwa kaboni monoksaidi, au UL 217 pamoja na UL 2034. Yenye kimoja tu imethibitishwa kazi moja tu, hata kama boksi limeandikwa mbili. Zile kadi zenye doa linalobadilika rangi si alamu, hazimwamshi mtu. Tunawaomba wenye maduka ya vifaa vya umeme wamruhusu mteja afungue boksi asome nyuma kabla ya kulipa, na wasiweke dirishani juani. Wenye nyumba za kupangisha, andikeni tarehe ya kufunga kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa alamu, mahali inaposomeka ukiwa umesimama chini, ili mpangaji atakayehamia mwaka wa saba aweze kuisoma na kudai nyingine.

Mafundi umeme wa majumbani,
Mtwara